Ubao mweusi wa orodha ya bia nyumbani: rangi, chaki na vumbi la Dodoma

Ngoja nianze na hili maana ndo kila kitu: ubao haupimwi siku ya kuandika, unapimwa siku ya kufuta. Kuandika hata ukutani na mkaa utaandika. Shida ni wiki ya tatu, unafuta jina la bia iliyoisha unaandika ingine, na ile ya zamani bado inakuchungulia kwa nyuma kama mwenye nyumba anayedai kodi. Nimeona bao nyingi za namna hiyo, kwenye vibanda vya chips, kwenye migahawa, kwa jirani yangu mmoja pia, ukisoma menyu unasoma vyakula vya leo na vya mwezi uliopita kwa pamoja.

Sasa kwangu huku Nkuhungu tuna kibanda cha nyuma, nguzo za mbao na bati juu, ukuta mmoja tu wa tofali, ndo tunapokaa Jumapili jioni jua likishapoa. Vinywaji vya pale vingi tunatengeneza wenyewe. Shangazi yangu akija kutoka Chamwino tunapika bia ya mtama, kuna wanzuki wa asali ya Manyoni ambao naufanya mwenyewe, na zabibu zikivunwa natengeneza na mvinyo kidogo maana hapa Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ile ya Februari na Machi na ile ya Agosti na Septemba, ukijuana na wakulima wa Hombolo au Mpunguzi unapata zile vishada vidogo ambavyo wachuuzi hawavitaki kwa bei ya kutupa. Halafu kuna bia za kiwandani chache kwenye friji kwa ajili ya wageni wasiotaka majaribio. Siuzi, hiyo nieleweke mapema, ni ya kunywa na ndugu na marafiki.

Orodha nilikuwa naihitaji kweli, sio urembo. Chupa zangu zote ni zile za kahawia za nusu lita zilizooshwa, hazina lebo, zikikaa pamoja hujui ipi ni wanzuki wa mwezi jana na ipi imefungwa juzi. Na hiyo sio utani maana asali inachacha taratibu sana, ukifunga kizibo mapema kabla haijamaliza, gesi inajaa ndani na chupa inaweza kupasuka, vioo vinaruka. Kwa hiyo lazima ujue tarehe. Karatasi za kubandika zilishindikana, ukitoa chupa kwenye friji inatoka jasho, karatasi inalowa, wino unatambaa, unabaki na doa la bluu. Ule ubao mweupe wa kalamu nao nilishaufikiria nikaachana nao, kalamu zinakauka kwa joto la hapa, na wino ukikaa ubaoni wiki kadhaa kwenye joto unaganda, haufutiki kwa kitambaa kikavu tena mpaka utafute spiriti.

Ila kilichonifanya niseme hapana, nataka ubao mweusi wa chaki, ni bia ya shangazi. Bia ya mtama haikai. Unaloweka mtama, unaotesha, unaanika, unasaga, hicho ndo kimea, unapika uji wa unga wa mtama, ukipoa kiasi unaweka kimea, kile kimea kinageuza wanga kuwa sukari, uchachu unaanza, na ikianza haikusubiri. Inanyweka ikiwa bado inachemka yenyewe. Nilimuuliza shangazi nguvu yake niandike asilimia ngapi akacheka, akaniambia, "Baba, andika leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki." Basi ndo ninavyoandika mpaka leo, ile safu ya nguvu kwa bia yake inabadilika kila siku. Mvinyo na wanzuki ndo napima na haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa kinywaji ukilinganisha na maji, unapima kabla haijachacha na ikishamaliza, unatoa tofauti unazidisha kwa 131.25, mfano ilianza 1.050 ikaishia 1.010 tofauti ni 0.040, inakuja kama asilimia 5.25. Bia ya mtama ukiipima ina matope yake ndani na bado inafanya kazi, namba inakudanganya. Sasa kitu kinachobadilika kila siku kinataka ubao unaofutika kila siku, usiobaki na kivuli, na hapo ndo nikaanza kuulizia mafundi na kujaribisha kwenye vipande kabla ya kugusa ubao wenyewe.

Tuanze na kitu cha kupaka rangi juu yake maana watu wengi wanaruka hapo. Seremala wangu yupo Chang'ombe, anatengeneza makabati ya jikoni, pale nyuma ana rundo la vipande vilivyobaki na kwa mtu anayemfahamu anakupa karibu bure. Plaiwudi ilikuwa nyingi lakini plaiwudi ina mistari ya mbao, hata ukipaka vipi chaki ikipita inarukaruka, herufi zinatoka na mapengo, na vumbi la chaki linakaa ndani ya ile mistari halitoki. Ukiwa na plaiwudi tu, ni kuijaza kwanza kwa rojo ya mbao na kupiga msasa mpaka uso uwe kama kioo, kazi ya mchana mzima. Hadibodi upande laini ni nzuri na nyepesi ila inapinda ikiwa kubwa, lazima uitie fremu. Mimi nilichukua MDF, ule ubao wa kiwandani wa mbao iliyosagwa ikagandamizwa kwa gundi, ya unene wa milimita 12 maana uso wake hauna mistari. Ubaya wa MDF ni kingo, pale ilipokatwa inakunywa maji kama nini, ikishakunywa inavimba na haivimbuki tena. Fundi akanionyesha, gundi nyeupe ya mbao unaichanganya na maji kidogo, unapaka kingo zote nne kwa kidole kabisa unasugua iingie, inakauka, unapiga msasa, unarudia. Ukishika kingo baadaye inateleza kama plastiki. Hiyo kitu usiiruke, hasa kama ubao utakuwa karibu na friji au mtu atafuta kwa kitambaa kibichi.

Njia nyingine naipenda kuliko hata MDF, mlango wa friji bovu. Mafundi friji wanayo mabodi kibao. Ni bati bapa, limenyooka, haliliwi na mchwa, na sumaku inanata kwa hiyo unaweza kubandika kopo la chaki hapo hapo. Ila lile bati limekuja na rangi inayong'aa, lazima uitoe mng'ao kwa msasa mpaka iwe na ukungu, halafu andakoti ya chuma, yaani rangi ya chini ya kushikiza, ndo rangi nyeusi ifuate. Ukipaka juu ya mng'ao moja kwa moja rangi itakaa wiki, siku moja kucha ya mtu inaigusa inabanduka kama ganda la ndizi... hapana, hata ndizi ina heshima, inabanduka yote. Jirani ameshaniagiza nimfanyie wa hivyo.

Na mchwa, msisahau mchwa. Huku kwetu ukiegemeza mbao ukutani ukaisahau msimu mmoja unakuta udongo. Ubao wangu nimeutundika kwa misumari yenye vipande vya mpira nyuma, unaacha nafasi ya kidole kati yake na ukuta, hewa inapita na naona kama kuna njia ya udongo inapanda.

Sasa rangi, hapa ndo penyewe.

Rangi nyeusi yoyote sio rangi ya ubao. Rangi ya mafuta inayong'aa ni mbaya kabisa kwa kazi hii, ina gundi nyingi kuliko unga wa rangi, ikikauka inajifunga juu kama kioo, chaki inateleza tu inatoa mlio wa kukera meno. Rangi isiyong'aa ina unga mwingi zaidi, uso wake ukiuangalia kwa karibu una mkwaruzo mdogo mdogo, huo mkwaruzo ndo unaokwangua chaki. Kwa hiyo unataka mkwaruzo, lakini sio mwingi. Ukizidi, unakuwa na ubao unaokula chaki kama msasa na ule unga unazama kwenye vishimo, hautoki ng'o. Kazi yote ya kutengeneza rangi ya ubao ni kutafuta pale katikati.

Njia rahisi ni kwenda hadiwea ukaomba rangi ya ubao, wanayo, wanauza sana kwa ajili ya shule maana madarasa mengi bado yana ubao wa saruji ukutani na kila baada ya muda unapakwa upya. Ni ya mafuta, inachanganywa na tina, haing'ai. Nilipita pale maeneo ya Majengo, dada muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, unataka lita moja au kopo la nne?" Sikumbishia huo ualimu, nikachukua lita moja. Ni nzuri, inadumu, ila ina harufu kali inayokaa ndani siku kadhaa na kama una ndoo za mvinyo zinachacha chumba hicho hicho, hamisha ndoo kwanza. Usipake rangi ya tina chumba chenye kinywaji kinachopumua, na usipake penye moto.

Njia ya pili ndo niliyoitumia kwenye ubao wa ndani ya kibanda, rangi ya maji nyeusi isiyong'aa unachanganya na grauti, ule unga wa mafundi tailizi wa kuziba mistari. Kipimo kinachojulikana ni kikombe kimoja cha rangi kwa vijiko viwili vya chakula vya grauti. Iwe grauti isiyo na mchanga, ukinunua yenye mchanga utakuwa umetengeneza barabara ya vumbi. Nilijaribu kwenye vipande vya MDF vya fundi, kimoja rangi tupu, kingine vijiko viwili, kingine vijiko vinne, nikaviandika nyuma kwa penseli. Rangi tupu chaki iliandika kwa kuteleza, herufi zilikuwa za kijivu kijivu. Vijiko vinne iliandika vizuri mno, nyeupe inayowaka, ungeona ungesema hicho ndo chenyewe, ila kufuta sasa, kile kipande kilibaki na wingu jeupe hata nilipotumia kitambaa kibichi. Cha vijiko viwili kiliandika vizuri na kikafutika. Kwa hiyo msidanganyike na weupe wa herufi siku ya kwanza.

Grauti ina mabonge. Ukiimwaga tu ndani ya rangi ukakoroga utaona imeyeyuka, kumbe kuna vipunje vidogo vinakusubiri kwenye rola, vinachora mistari ubaoni. Chekecha kwanza kwa chujio la chai, halafu ilainishe pembeni na rangi kidogo mpaka iwe kama uji mzito usio na bonge, ndo uongeze rangi iliyobaki. Changanya ile utakayotumia muda huo huo. Grauti ni saruji, inaanza kuganda, na kwa ukavu wa hewa ya Dodoma inaganda haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye mfuko.

Kuna watu wanatumia poda ya jasi badala ya grauti, na inafanya kazi, inatoa uso laini zaidi, ila haistahimili maji vizuri kama grauti. Kwa ubao ulio karibu na friji na glasi zinazotoa jasho ningeenda na grauti.

Wakubwa wenzangu mliosoma shule za vijijini mnakumbuka tulivyokuwa tunatengeneza wenyewe, betri kuukuu za redio tunazipasua kwa jiwe, tunatoa ule unga mweusi na kile kijiti cha mkaa cha katikati, tunasaga, tunachanganya na majani mabichi tunasugua ubao mzima, mikono inakuwa myeusi mpaka Jumatano. Ulikuwa mweusi kweli na ulifutika, siwezi kuusema vibaya. Ila ule unga una kemikali za manganizi na zinki, sio kitu cha kuweka juu ya meza ya watu wanaokunywa na kula nyama kwa mikono. Kumbukumbu ibaki kumbukumbu.

Kupaka kwenyewe, usitumie brashi kama unaweza kupata rola ndogo ya sponji. Brashi inaacha mifereji, na mifereji ni nyumba ya vumbi la chaki. Piga msasa namba 120 kwanza, halafu 220, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, paka mwembamba, kwa kwenda kulia kushoto. Utaona mbao inaonekana kwa chini, usipate presha, usiongeze. Ukikauka piga msasa 220 kwa mkono mwepesi sana, futa, mkono wa pili uende juu chini. Wa tatu tena kulia kushoto kama bado kuna madoa. Kupishana hivyo kunafanya uso uwe sawa pande zote, ukipaka upande mmoja tu utakuja kuona mistari jioni taa ikipiga kwa ubavu.

Na sasa hali ya hewa. Watu wa pwani wana shida ya unyevu, sisi tuna shida mbili tofauti kabisa, vumbi na kukauka haraka. Kuanzia kama Agosti upepo wa huku unabeba vumbi jekundu, ukiacha rangi mbichi nje nusu saa unarudi unakuta ubao umeota vipele. Mchana nao rangi ya maji inakauka kwenye rola kabla haijafika ubaoni, unapita mara ya pili pale pale inavuta ile ya kwanza inaacha makovu. Nilichofanya, niliamka alfajiri kabla upepo haujaamka, nikamwagia maji sakafu ya chumba na kizingiti chake ili vumbi lilale, nikafunga dirisha, nikalaza ubao juu ya stuli mbili, nikapaka. Kuulaza ni muhimu, ukiusimamisha rangi inatiririka chini. Kwa mkono wa pili nikasubiri jioni. Rangi ya mafuta yenyewe inataka usiku mzima kati ya mkono na mkono, na hapo vumbi lina muda wa kutosha kukutembelea, ndo maana kwa ubao wa nyumbani naipendelea ya maji.

Ukimaliza utataka kuandika muda huo huo. Subiri. Ukishika utaona imekauka lakini ndani bado ni laini, chaki itachimba. Siku tatu ndo kawaida, na nilizisubiri kwa shida maana mke wangu alikuwa anapita na chaki mkononi anauliza, "Baba nanii, bado tu?"

Halafu kabla ya neno la kwanza kuandikwa kuna hatua ambayo wengi hawaijui, na nadhani ndo siri ya ubao wa walimu wa zamani. Chukua chaki nzima, ilaze kwa ubavu, sugua ubao wote, kona kwa kona, mpaka uwe mweupe. Yaani unauchafua kwa makusudi. Halafu chukua kitambaa kikavu futa wote mpaka ubaki na kijivu fulani cha usawa. Vile vishimo vidogo lazima vijae chaki, hakuna namna, swali ni vijae vipi. Ukianza na kuandika, vinajaa kwa umbo la herufi, na hizo herufi ndo kivuli chako cha maisha. Ukisugua ubao mzima, vinajaa sawasawa kila mahali, macho hayaoni kitu. Kwa jirani niliyemtaja, ubao wake mpaka leo una neno KARIBU kwa mbali, alilianza nalo. Hata ukishaoshwa kwa maji, rudia kusugua chaki kabla ya kuandika tena.

Chaki zenyewe hizi za shule, nyingi sasa ni za jasi, sio zile za chokaa za kwenye miamba. Na jasi sio kitu kigeni kwetu, inachimbwa hapo Itigi, Singida, nyingi inakwenda viwanda vya saruji, na kule Maswa mkoani Simiyu wanatengeneza chaki hizi hizi za shule. Chaki laini inaandika vizuri ila inamwaga vumbi, na vumbi juu ya glasi ya bia hakuna anayelitaka. Kwa hiyo ubao usiwe juu ya meza ya vinywaji, uweke pembeni, na chini yake weka kijiti cha mbao chenye mfereji, vumbi lidondokee humo. Ukiloweka ncha ya chaki kwenye maji kidogo kabla ya kuandika, herufi inaanza hafifu, ikikauka inakuwa nyeupe kweli na haidondoshi unga. Wengine wanaloweka kwenye maji ya sukari inashika zaidi, na ni kweli inashika, kuifuta lazima kitambaa kibichi. Lakini huku sukari ukutani unawaita sisimizi, kesho yake unakuta msafara wao unasoma orodha mstari kwa mstari. Kwa vichwa vya safu tu, sio zaidi. Zile kalamu za chaki ya maji nazo zijaribu kwanza kwenye kipande, kwenye rangi ya kutengeneza mwenyewe wino wake unazama na hautoki.

Mistari ya safu sikuichora kwa chaki, ningekuwa naichora upya kila mara. Nilibandika selotepu ya karatasi, nikapaka rangi nyeupe ya mafuta kwa brashi nyembamba sana katikati, nikabandua kabla haijakauka kabisa. Hiyo ilibaki ya kudumu. Na kuipata iliyonyooka nilitumia uzi wa fundi uashi, unaupaka unga wa chaki, unauvuta uwe mkakamavu mtu akishika upande wa pili, unauinua unauachia, tap, mstari umelala. Safu zangu ni jina, siku ya kupika, siku ya kufunga chupa, nguvu, zimebaki. Ile ya "zimebaki" niliiandika neno zima baada ya mgeni mmoja aliyeletwa na rafiki kusimama pale, akasoma "wanzuki, 9, 14", yaani nguvu na chupa zilizobaki, akaingiza mkono mfukoni akatoa noti, "Kaka nipe mbili za elfu tisa." Tulicheka sana lakini nikajiuliza mtu akipita barabarani akaona? Ndo maana ubao unaangalia ndani, hauonekani kutoka getini, sitaki mtu wa mtaa aje kuniuliza leseni ya kilabu ambacho sina.

Shangazi alivyokuja mara ya kwanza akaukuta, nilimpokea dumu, nikamwamkia, akaitika marahaba huku macho yake yakiwa ukutani. "Baba, huu ubao wa madeni?" Nikamwambia hapana shangazi, ni wa pombe, jina lako lipo hapo juu. Akasogea, hajui kusoma vizuri bila miwani, akapitisha kidole kwenye neno MTAMA akalifuta nusu bila kukusudia, akaangalia kidole chake cheupe, akasema kumbe inatoka kirahisi hivi. Nilifurahi kuliko sifa yoyote. Tangu hapo yeye ndo anayebadilisha safu yake, ameniambia nimwandikie maneno yake matatu kwenye kipande cha boksi ili ayanakili, na anapenda kuandika "siki" kabla ya wakati ili vijana wasimalize yote siku moja.

Kufuta, kitambaa kikavu cha pamba, au dasta ya shule. Usikimbilie maji. Maji kila siku yanageuza vumbi la chaki kuwa tope, tope linakauka kwenye vishimo, ubao unaanza kuwa wa kijivu. Kavu kila siku, na maji masafi bila sabuni mara moja moja tu, unaacha ukauke kabisa kabla ya kuandika. Sabuni inaacha utando chaki inateleza tena kama ile rangi ya kung'aa.

Rangi ikibaki usiitupe, kama ni ile yenye grauti haitakaa, itumie siku hiyo hiyo. Mimi nilipaka kiraka cha ukubwa wa kiganja ubavuni mwa madumu ya shangazi na kwenye ndoo za kuchachushia, kwa nje tu na mbali na mdomo wa dumu. Plastiki inataka kupigwa msasa kwanza la sivyo inabanduka, na hata hivyo viraka viwili vimeshaanza kuinuka kona, nadhani plastiki inahitaji andakoti yake. Nitaulizia hadiwea nikienda kuchukua rangi ya ule mlango wa friji wa jirani.